Kiwanja Kilichoisha kwa Sababu Nzuri

Shule ninayoisimulia hapa haina jina, na usijisumbue kuitafuta kando ya barabara ya Nakuru kwenda Kabarak. Nimeiunga kutoka shule kadhaa za Kiamunyi na jirani zake: moja ikanipa geti, nyingine basi, nyingine mwalimu, nyingine mkutano wa wazazi. Wenyeji huenda wakaitambua hata hivyo. Atakayedhani nimemsema yeye, na ajue kwamba jirani yake pia anadhani hivyo.

Ilianza katika nyumba ya kuishi. Mwalimu mstaafu na mkewe walinunua ploti mbili za hamsini kwa mia, wakaongeza ya tatu iliyopakana nazo, wakageuza sebule kuwa darasa la nasari. Wakati huo Kiamunyi ilikuwa bado mashamba ya mahindi yanayokatwakatwa, mji ukipanda kidogo kidogo kuelekea miteremko ya Menengai, na karibu kila familia iliyohamia ilikuja na mtoto wa miaka minne au mitano mkononi. Ile ploti ya tatu haikuwa na chochote ila nyasi, jakaranda moja, na matairi makuukuu yaliyofukiwa nusu. Waliosoma pale enzi hizo, ukiwauliza habari za shule, watakusimulia ploti hiyo kabla ya darasa lolote. Walicheza tapo na brikicho. Wasichana waliruka blada, wavulana waligombania mpira wa makaratasi, na wadogo wa bebi klasi walipanda matairi na kuruka, wakapanda tena na kuruka tena, bila kuchoka na bila kuambiwa na mtu kwamba hayo ni mazoezi ya viungo.

Kilichoanza kuleta maneno ni vumbi. Udongo wa huku ni wa volkano, na ukikauka mwezi wa Januari na Februari unakuwa mwepesi kama unga. Unaingia kwenye soksi, kwenye kola, kwenye kifua cha mtoto mwenye pumu. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Mtoto anaondoka nyumbani na shati jeupe, anarudi nalo la kahawia. Shule ikatandaza kabro, yale matofali ya saruji. Wazazi wakashukuru, picha za uwanja mpya zikawekwa kwenye brosha. Ila mtoto akianguka kwenye nyasi hujipangusa akaendelea. Akianguka kwenye kabro hupasuka goti. Baada ya magoti kadhaa likatundikwa bango karibu na ofisi: Tembea, Usikimbie.

Halafu yakaja mabasi. Shule iliyoanza kwa watoto wa mtaa mmoja sasa ilikuwa inachukua watoto kutoka ng'ambo ya mji, na mabasi manne ya manjano hayawezi kulala barabarani. Yakaegeshwa kwenye kabro. Nani angepinga? Bila mabasi, mama anayefanya kazi mjini angempeleka mtoto kwa bodaboda, naye dereva amebeba watoto watatu bila kofia.

Machi 2020 korona ikafunga shule zote nchini, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Waliporudi walikuta kalenda iliyobanwa: mihula minne ndani ya mwaka, likizo za siku chache, walimu wakikimbizana na silabasi. Katika shule yetu vipindi vya mazoezi vilipewa Hisabati na Kiingereza kwa muda. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023. Vipindi vya mazoezi havikurejea, kwa maana hakuna aliyevidai, na mwalimu aliyezoea kuwa na Hisabati mara mbili kwa siku aliona ugumu kurudi kwenye mara moja.

Mwezi huohuo wa Januari 2023 ndipo Gredi ya 7, darasa la kwanza la sekondari ya chini, ilipoanza. Kamati ya mageuzi ya elimu iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu ilikuwa imependekeza kwamba sekondari ya chini ibaki katika shule za msingi, na serikali ikakubali. Kwa shule ya binafsi maana yake ilikuwa moja: jenga madarasa, jenga maabara, au uwapoteze watoto uliowalea tangu nasari. Pale palipokuwa na jakaranda pakapanda ghorofa tatu. Kilichobaki cha kiwanja ni ukanda wa kabro kati ya ukuta na mabasi, wenye upana wa kutosha mistari ya paredi ya Jumatatu na Ijumaa.

Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa kuwazuia wasifike kwenye kiwanja chao. Waliuangusha, polisi wakawarushia gesi ya machozi, na picha zake zikaenda dunia nzima. Nchi ilighadhibika, na ilistahili kughadhibika. Lakini pale palikuwa na mnyakuzi wa kunyooshewa kidole. Huku kwetu kiwanja kiliondoka kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na risiti, na kila mara wazazi walipiga makofi.

Tuhesabu siku ya mtoto wa PP2, mwaka wa pili wa nasari, katika shule yetu. Basi linampitia kabla ya saa kumi na mbili, gizani, baridi ya Nakuru ikimng'ata masikio. Anakaa. Anafika, anakaa. Saa ya uji anakaa, kwa sababu uji wa moto na kabro ni hatari. Saa ya chakula anakaa. Mchana analala ameinamia dawati. Alasiri anapanda basi tena, na kwa kuwa ni wa mwisho kushushwa, anazunguka mitaa yote akitazama migongo ya viti. Nyumbani kuna kazi ya ziada ya kurasa mbili, kisha katuni, kwa sababu geti la ploti haliruhusiwi kufunguliwa na barabara ya nje ina pikipiki. Ukiondoa kutembea kutoka basini hadi darasani, na foleni ya msalani, siku nzima imepita mtoto akiwa juu ya makalio yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wenye miaka mitatu na minne wanahitaji kuwa katika mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhema: kukimbia, kuruka, kupanda. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa umri huo asifungiwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mara moja. Kuanzia miaka mitano hadi 17, mwongozo wa 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa wastani hadi wa nguvu. Wala si lazima twende Geneva. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, ambazo zinazihusu shule za umma na za binafsi sawia, zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na kutoka hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni wakati wa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Zinasema pia mtoto asilazimishwe kufika kabla ya saa moja na robo. Na Mtaala wa Umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019 uliweka mwendo na ubunifu katika orodha ya masomo ya watoto wadogo. Ratiba iliyobandikwa ofisini mwa shule yetu ina vipindi hivyo vyote, vimepakwa rangi ya kijani. Ndiyo ratiba anayoonyeshwa afisa wa ubora akija. Ile ya darasani haina kijani.

Sasa mtoto mmoja. Penseli yake ilikuwa inaanguka sana. Mwalimu wake, msichana aliyetoka chuoni karibuni na anayewapenda watoto kwa dhati, alianza kuona kwamba inaanguka kila baada ya dakika chache, na kwamba mtoto huenda kuiokota kwa njia ndefu: anashuka kitini, anapita chini ya dawati, anatokea upande wa pili, anarudi. Katika chumba kile, kuokota penseli ndio mwendo pekee uliokuwa halali. Mwalimu aliandika kwenye dayari: Hatulii, anasumbua wenzake. Wiki iliyofuata akaandika tena. Mwishowe mama akaitwa.

"Mama, si kwa ubaya," mwalimu akamwambia, "lakini labda apelekwe aonwe na daktari. Hawezi kukaa."

"Nyumbani pia ni hivyo, Madam," mama akajibu. "Anaruka kwenye viti mpaka nimechoka."

Wakakubaliana wote wawili, kwa wema, kumwadhibu mtoto kwa kumnyima kile alichokuwa anakililia: asiyetulia hatainuka kitini hata saa ya mapumziko. Siwadharau. Wako watoto wenye shida za kweli za utulivu, na kuwapeleka kwa mtaalamu ni jambo jema. Ila kabla ya kumpeleka mtoto wa miaka mitano hospitali kwa sababu hawezi kukaa saa sita, ingefaa kwanza mtu mzima mmoja ajaribu kukaa hizo saa sita kwenye kile kiti kidogo.

Muhula wa kwanza huwa na siku ya michezo. Shule isiyo na kiwanja hukodi, na yetu ilikodi kiwanja cha shule ya msingi ya serikali, Jumamosi moja ya jua. Mahema, muziki, akina mama wanariadha kwenye mbio za kijiko na ndimu, mkurugenzi amevaa kofia. Watoto wa PP2 wakapangwa mstari kwa mbio za mita 50. Wengi wao hawakuwahi kukimbia kwa pamoja. Filimbi ilipolia, wengine walikimbia wakitazama nyuma, wengine walikimbia kwa mshazari wakagongana, na watatu walisimama katikati wakishika mbavu na kulia. Mmoja alianguka amenyoosha mkono mbele, uzito wote ukatua kwenye kifundo. Mfupa wa mkono ukavunjika mbele ya baba yake aliyekuwa anarekodi kwa simu. Nje ya ua, watoto wa mtaa wenye umri uleule walikuwa wananing'inia kwenye tawi, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena. Mtoto hujifunza kuanguka kwa kuanguka, mara nyingi na kutoka chini, kabla mwili haujawa mzito. Wale wa mahemani walikuwa hawajapewa nafasi ya kuanguka.

Nisieleweke vibaya: shule ile ya serikali nayo ina mambo yake. Darasa moja lina watoto wengi kuliko madawati, na kipindi cha mazoezi mara nyingi ni mwalimu aliyechoka akisema "nendeni mcheze" na kurudi kusahihisha madaftari. Lakini wanakwenda, na wanacheza.

Funzo ambalo shule yetu ilitoa kutokana na mkono uliovunjika ni kwamba kukimbia ni hatari. Siku ya michezo ya mwaka uliofuata ikageuzwa kuwa siku ya vipaji, ikafanyika ndani ya ukumbi. Ndipo hadithi hii inaponiuma hasa.

Wazazi wengi wa Bonde la Ufa wana imani moja ambayo husikii Mombasa wala Kisumu: kwamba watoto wa huku ni wakimbiaji kwa damu. Nchi ya kina Kipchoge Keino, wanasema. Mwinuko wetu ni karibu mita 1,850, mapafu yanajijenga yenyewe. Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walikwenda kupima jambo hilo upande wa Eldoret, ndani kabisa ya nchi ya mabingwa, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Waliwavalisha vijana wa kijijini na wa mjini vifaa vya kupima mwendo. Wa kijijini walikaa muda mfupi zaidi na walitumia dakika nyingi zaidi katika mwendo wa wastani hadi wa nguvu. Wasichana wa mjini ndio waliokuwa nyuma ya wote. Damu ya mababu ilikuwa haijabadilika. Kilichobadilika ni njia ya kwenda shule na kazi za alasiri. Nairobi, iliyoshiriki katika utafiti wa nchi 12 juu ya watoto wa miaka tisa hadi 11, ilionekana kuwa na takribani mtoto mmoja kati ya wanane aliyefikisha zile dakika 60. Kiamunyi bado si Nairobi, lakini mabasi yake ya manjano yanaamka saa zilezile.

Upo utetezi mwingine ambao hausemwi kwa sauti, nao ni alama. Mzazi analipa karo ili mtoto afaulu, na saa ya kiwanjani inaonekana kama saa iliyoibwa kwenye kitabu. Jambo hili lilipimwa zamani sana huko Quebec, Kanada, katika eneo la Trois-Rivières. Kuanzia mwaka 1970, daktari Roy Shephard na wenzake walifuatilia watoto wa shule za msingi waliopewa saa nzima ya mazoezi kila siku, iliyochukuliwa kwenye muda wa masomo. Walimu wa kule waliogopa kama wetu. Watoto waliokatiwa masomo hawakubaki nyuma ya wenzao darasani, na wengi wao walifanya vizuri zaidi. Sisemi kwamba kukimbia kunamfundisha mtoto kugawanya. Ninachosema ni kwamba ile saa iliyookolewa kwa kuwaweka kitini haikununua kitu. Mwalimu yeyote wa gredi za chini anajua dakika arobaini za alasiri zinavyopotea kwa "keti chini", "nyamaza", "penseli yako iko wapi".

Wala si lazima ekari mbili. Mwaka 2012 mwalimu mkuu mmoja huko Stirling, Scotland, Elaine Wyllie, aliona watoto wake wakihema kwa kazi ndogo tu, akaanza kuwatoa nje dakika 15 kila siku wakimbie au watembee kuzunguka shule, na sare zao hizohizo, bila mpira wala filimbi. Wengi duniani wameiga. Ukanda wa kabro wa Kiamunyi ungetosha kwa hilo kama mabasi yangelala kwingine kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Kikao cha walimu kiliwahi kulizungumza. Dereva mmoja akauliza yaende wapi, ikawa basi.

Miaka miwili baada ya ule mkono, michezo ilirudi shuleni, safari hii ikiwa na bei. Vilabu vya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, taekwondo, na kuogelea kwa kupelekwa hoteli mjini: unajaza fomu, unalipa kwa muhula, mkufunzi anakuja Jumatano. Si vibaya, wanapendeza sana. Ila siku ya Jumatano ukipita utawaona watoto ambao wazazi wao hawakulipa wamekaa kwenye ngazi, mstari mzima, mikono mapajani, wakitazama wenzao wakiteleza. Kijana wa penseli yuko kwenye ngazi hizo. Sasa yuko Gredi ya 2, na ametulia. Dayari yake haina malalamiko tena, na mama yake anahesabu hilo kuwa ushindi.

Mkutano wa wazazi wa mwaka jana ulifikia jambo hili mwishoni kabisa, katika mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Mama mmoja, muuguzi, akasimama akauliza watoto wa nasari wanakimbilia wapi. Kukawa na minong'ono. Mkurugenzi, mtoto wa yule mwalimu mstaafu, hakukasirika.

"Mzazi, nashukuru kwa swali," akasema. "Mlilia vumbi, nikaweka kabro. Mlitaka mabasi, nikakopa benki. Mlitaka Gredi ya 7, nikajenga. Mlitaka ukuta na kamera, viko. Nitafutieni kwenye mihtasari yote tangu baba yangu aanze hii shule, mahali mzazi ameomba kiwanja. Hakuna. Lakini ploti hii ya nyuma yetu inauzwa. Tugawanye bei yake kwa idadi yetu, mniambie leo kama mko tayari, mimi nitatoa nusu."

Wakapiga hesabu hapohapo kwa simu. Kila mzazi angetoa pesa zinazozidi kidogo ada ya klabu ya kuteleza kwa mwaka. Baba mmoja akasema wazo ni zuri ila uchumi umebana. Mwingine akauliza hati itaandikwa jina la nani, swali la maana sana Nakuru. Wa tatu ana mtoto Gredi ya 9, anaondoka, haoni kwa nini achangie. Ikapendekezwa kamati ndogo ya watu watano ilete ripoti muhula wa pili, ikaungwa mkono, maombi yakafanywa, watu wakaenda kunywa soda.

Kamati ilikutana mara moja. Mwezi wa Aprili mwenye ploti alipata mnunuzi wa fedha taslimu, na sasa panachimbwa msingi wa nyumba za kupangisha, chumba kimoja kimoja, orofa nne. Shule imeandikiwa barua ya kuombwa radhi kwa kelele.